Wasifu wa ukurasa mmoja kwa kozi ya uandishi

Dada, umeuliza uandike nini kwenye wasifu wa kitaaluma ambao mwalimu wenu wa uandishi anataka mshirikishane darasani, ilhali hujawahi kuajiriwa.

Kutoajiriwa kusikutie hofu. Umesema wewe ni katibu wa kikoba mtaani kwenu. Hiyo ni kazi ya uandishi, tena nzito, kwa sababu pesa za watu zinategemea ulichoandika. Achana na "nina uwezo mzuri wa mawasiliano". Kila mtu anaandika hivyo na hakuna anayeamini. Andika: "Katibu wa kikoba cha wanachama 25 tangu 2022. Naandika muhtasari wa kila kikao na kuusoma mbele ya wanachama." Hapo msomaji anakuona kazini.

Mpangilio uwe wa kawaida: A4, aina moja ya herufi, pointi 11 au 12. Violezo vyenye marembo mengi sivipendi kwa kazi hii, vinakula nafasi ya maneno.

Hifadhi kama PDF, maana faili la Word huweza kuvurugika kwenye simu ya mwenzako. Lipe faili jina lako, si "wasifu mpya 3". Ukituma kiungo cha Google Drive, weka ruhusa ya kusoma tu, kisha kijaribu kwenye simu nyingine kabla hujakituma. Na tafadhali sana, namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa na mahali unapoishi usiviweke. Darasa zima litabaki na nakala, na ikishapakuliwa huwezi kuifuta kwenye simu za watu.