Swali la Lugha: Shahada ya heshima, au shahada kwa sifa?

Swali: Binti wa kaka yangu amemaliza chuo kikuu huko Marekani, na cheti chake kina maneno "magna cum laude". Tunamwandalia sherehe hapa Tanga. Je, nikiandika kwenye kadi za mwaliko kwamba amepata shahada ya heshima, nitakuwa nimekosea? (Shangazi mtu, Tanga)

Jibu: Utakuwa umekosea, ingawa hukuanza wewe, kosa hili nimelikuta magazetini, redioni na vinywani mwa washereheshaji hadi nimeanza kuliota usiku. Shahada ya heshima hutunukiwa mtu ambaye hakukaa darasani wala hakufanya mtihani, kwa kutambua mambo aliyoitendea jamii, na ndiyo maana wanaovishwa majoho yake aghalabu ni marais na matajiri waliofadhili maktaba. Binti yenu amekesha na vitabu miaka yote hiyo, nanyi mnataka kuwatangazia wageni kwamba kapewa tu! Niliwahi kualikwa kwenye sherehe ambako mshereheshaji alitangaza, kwa sauti ya kutikisa turubai, kwamba mhitimu "ametunukiwa shahada ya heshima", na mwalimu mstaafu niliyeketi naye akaniuliza, bila kejeli yoyote, binti huyo wa miaka ishirini na kitu alikuwa amelifanyia taifa jambo gani. Nikajisingizia kutafuna.

Katika Kilatini, laude hutokana na laus, yaani sifa, na cum ni "pamoja na", heshima haimo. Kwa hiyo cum laude ni "kwa sifa", magna cum laude "kwa sifa kubwa", na summa cum laude "kwa sifa ya juu kabisa". Najua mtaani "mtu wa sifa" ni mwenye kujionyesha, na wapo watakaocheka. Lakini kivumishi "kubwa" hulisafisha neno hilo vya kutosha.

Wala msikimbilie kuandika "daraja la kwanza". Wamarekani hupima wastani wa alama kwa kipeo cha 4, na kila chuo hujiwekea mpaka wake: vingi huanzia karibu na 3.5 kwa cum laude, vingine hutazama tu asilimia fulani ya wanaoongoza. Wastani wa 3.8 unaoweza kumpa mtu magna huko, katika kipeo cha 5 cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni daraja la pili la juu, kwa kuwa la kwanza huanzia 4.4. Tena sifa hizo si lulu kila mahali, kwani mwaka 2001 ilibainika kwamba asilimia 91 ya wahitimu wa Harvard walikuwa wamezipata, hata chuo kikalazimika kuweka ukomo.

Basi andika: "amehitimu kwa sifa kubwa (magna cum laude)". Na ikiwa kadi zimekwisha kuchapwa, angalau mwahini mshereheshaji kabla hajakamata kipaza sauti.