Taa ya nyuma inajaa maji: anza na mpira wa nyuma yake

Salama mkuu. Umesema Corolla yako ya zamani inajaa maji taa ya nyuma kushoto kila mvua ikinyesha, na fundi kapaka silikoni kuzunguka kioo bila mafanikio. Kabla hujaenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea, kutafuta taa nyingine, fungua buti, inua kapeti, upapase pale spea tairi inapokaa. Pakiwa na maji, mshuku kwanza ule mpira kati ya taa na bodi. Kwa jua letu la Dar unakakamaa na kupasuka, maji yanapenya pembeni ya nati zinazoshika taa.

Hakikisha: mtu amwagie taa maji taratibu, wewe ukiwa kwenye buti na tochi. Utaona yanapoingilia.

Fungua taa, ikaushe kabisa, kwangua gundi yote ya zamani, weka mpira mpya. Kioo chenye ufa ndicho uzibe kwa silikoni, ila isiyonuka siki. Yenye harufu hiyo inakula soketi za balbu. Na tafadhali, vile vitundu vya taa kupumulia visizibwe! Mafundi wengi wanaviziba, mvuke unakosa pa kutokea. Soketi ikiwa na kutu ya kijani, isugue kwa msasa laini kabla ya kurudisha balbu.