Jamhuri Kisumu: hao samaki wa asubuhi watakuaibisha

Wewe wa Eldoret uliyeweka hapa ratiba ya kwenda Kisumu sikukuu ya Jamhuri, Disemba 12, simama hapo hapo. Nimeisoma yote. Saa kumi na moja alfajiri mnatoka na mama watoto na wale wawili. Saa mbili na nusu mko Dunga, ufuoni kwa wavuvi, "kuchukua samaki wa kumpelekea mama kabla hawajaisha", kisha soko la Kibuye kutafuta leso na nguo za Krismasi, mchana mle mahali pazuri, jioni watoto wapande mashua, saa kumi na mbili mrudi. Halafu ukauliza leso zinauzwaje, gari uegeshe wapi, hoteli gani ya kula, na kama watoto wanaweza kuogelea ziwani. Maswali mazuri. Shida iko kwenye ile saa mbili na nusu.

Hesabu na vidole. Kutoka saa mbili na nusu asubuhi mpaka mfike nyumbani saa tatu usiku, hao samaki watakuwa wanakaa wapi? Kwenye buti. Buti la gari lililoegeshwa Kisumu, mwezi wa Disemba, juani. Ndugu yangu, hilo ni jiko, limekosa ufunguo wa gesi tu. Wewe umezoea Eldoret, ukisahau maziwa mezani asubuhi jioni unayakuta bado ni maziwa.

Mimi nilifanya ratiba hiyo hiyo Jamhuri ya 2022, nikitokea Nakuru. Hata mashua ilikuwepo. Nilikuwa na mshauri, jamaa wa kazini aliyezaliwa Kisumu, mtu wa kuongea kama kwamba ziwa alilichimba yeye. Akaniambia: "Samaki ni asubuhi. Ukienda saa tano utapata matumbo." Nikamuuliza, na joto? "Samaki wa ziwa ni mgumu, hata barafu haihitaji. Usikubali wamtoe matumbo, akiwa mzima anakaa zaidi." Kila neno uongo isipokuwa lile la asubuhi. Huyu jamaa, nilikuja kujua baadaye, ametoka Kisumu akiwa darasa la tatu, na samaki anamjua kwenye sahani.

Basi saa mbili niko Dunga, mwanaume mzima, na gari la shemeji. Sikiliza vizuri hapo: gari si langu, ni la kaka yake mke wangu, na samaki ni wa mama yao, mama mkwe wangu, anayekaa Lanet, Nakuru. Yaani nilipanga aibu ya ukoo mzima kwenye chombo kimoja.

Mashua zilikuwa zimeingia, na samaki walikuwa wazuri, siwezi kusema uongo. Jicho limejaa, linang'aa, halijazama. Mama aliyeniuzia akainua shavu la ngege (tilapia, au sato) kwa kidole gumba, ndani nyekundu kama nyanya iliyokatwa sasa hivi. Akabonyeza mgongo, nyama ikarudi juu kabla hajaondoa kidole vizuri. Harufu ni ya maji, basi. Nikachukua ngege sita wakubwa, 500 kila mmoja, na mbuta (sangara) wa kilo tano kwa 650 kilo. Jumla 6,250. Pesa ya mtu anayetaka kupendwa na mama mkwe.

Yule mama akashika kisu akauliza, "Nikutolee matumbo?" Nikasema hapana, nataka wazima. Akanitazama. Akauliza, "Unaenda nao wapi?" Nikasema Nakuru. "Sasa hivi?" Nikasema jioni. "Omera (ndugu yangu), na barafu?" Nikacheka, nikamwambia samaki wa ziwa ni mgumu. Namkumbuka sana yule mama. Alifunga mdomo kama mtu aliyeona mbuzi akiingia barabarani na hana la kufanya.

Kitu ambacho angeniambia kama ningemwacha aongee ni hiki. Samaki akifa, uozo unaanzia kwenye matumbo na mashavu, ndiko vijidudu na maji ya kusagia chakula viliko. Ukimwacha navyo kwenye joto, tumbo linajisaga lenyewe na kuingia kwenye nyama. Kwa hiyo matumbo na mashavu hutoka pale pale, anaoshwa, na kama unambeba mbichi unamlaza kwenye barafu, kwa joto kama lile kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, ndani ya boksi lenye mfuniko. Wazee wa ziwa hawakukaa wakingoja friji. Walikaanga, wakabanika kwa moshi, wakapasua ngege wakamwanika juani akawa obambla. Unafikiri walikuwa wanajifurahisha?

Na mfuko. Unajua tangu 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, kwa hiyo nilipewa ile ya kitambaa kile chepesi, na kile kitambaa kinapitisha maji kama chujio la chai. Nikauweka kwenye buti. Nikaenda Kibuye nikanunua leso, doti tatu, moja ya mama mkwe, zambarau na manjano, yenye maneno ya shukrani kwa mzazi. Nikaziweka wapi? Umeshajua. Pembeni ya mfuko.

Kibuye penyewe nitakwambia kwa kifupi maana umeuliza: siku yake kubwa ni Jumapili, ndipo wauzaji hujaa mpaka unatembea kwa ubavu. Jamhuri ile iliangukia Jumatatu, nikakuta soko lipo lakini limepungua nusu. Kama sikukuu yako si Jumapili, usitarajie ile Kibuye unayoiona kwenye picha. Nenda asubuhi, kabla jua halijapanda, vaa kofia, na leso kunja uangalie upindo wa pande zote mbili kabla hujalipa. Bei mtaongea, wewe ni mtu mzima.

Turudi kwenye buti. Kuanzia saa tano jua lilikuwa juu ya utosi, Kisumu ipo karibu kabisa na mstari wa ikweta na hakuna utani na lile jua. Tukakimbilia kwenye duka kubwa lenye hewa baridi, tukazunguka humo saa nzima tukijifanya tunaangalia masufuria. Mtoto akataka aiskrimu, ikayeyuka ikafika kwenye kiwiko kabla hajafika mlangoni. Nami baba mwenye akili nikasema, "Hili joto leo si mchezo." Nikasema hivyo kwa mdomo wangu, na samaki wangu wako mita hamsini kutoka pale, ndani ya chuma cheusi.

Chakula cha mchana tulingoja saa moja na nusu. Sikukuu kila mtu anataka samaki wa kukaanga na ugali, na jikoni sufuria ni zile zile. Tulikula saa tisa, ngege mwenye ngozi inayovunjika kama biskuti na mboga ya osuga (mnavu) pembeni. Mke wangu akasema, "Mama atafurahi sana usiku." Hapo ndipo kitu kikanigonga kifuani, nikasema natoka kidogo kuangalia gari.

Nilifungua buti na nikalifunga. Sikutaka kujua zaidi. Nilichofanya baadaye ni kuzunguka vibandani nikinunua chupa za maji zilizoganda, nikapata nne, nikazipanga juu ya mfuko. Chupa nne! Kwa kilo karibu nane za samaki waliokwisha kupikika kwa mvuke wao. Zile chupa ziliyeyuka, jasho lake likaungana na lile la samaki, na lote likaelekea kwenye leso ya mama mkwe. Ukishafika hapo mwanaume hawezi kumwambia mkewe. Nikapanda mashua na familia nikapiga picha nikitabasamu. Hiyo picha bado iko ukutani kwetu, mimi peke yangu najua kile kicheko kilikuwa cha nini.

Tuliondoka saa kumi na mbili, mawingu mazito yamesimama juu ya ziwa. Ahero mke wangu akauliza kama mtoto amevua viatu. Awasi tulifungua vioo vyote. Kupanda Kericho mvua ikatupata, ile ya baridi, na sasa ukawa uchaguzi: ufunge vioo mfe kwa harufu, au ufungue mlowe. Tulilowa mpaka Mau Summit. Mdogo alitapika mara mbili na mkubwa akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama bibi ni lazima awale.

Lanet tumefika saa nne usiku. Mama mkwe alikuwa macho, jikoni moto umewashwa, ametenga mafuta. Akapokea mfuko kwa mikono miwili. Akatoa ngege mmoja, akambonyeza mgongoni kwa kidole, kile kile alichofanya mama wa Dunga asubuhi. Shimo likabaki. Alilitazama lile shimo kidogo, akamrudisha kwenye mfuko, akasema, "Asanteni kwa kunikumbuka," akageukia kabati akatoa mayai. Hajawahi kulizungumza tena hadi leo, na afadhali angenitukana. Leso ilifuliwa mara nne, ikaishia kuwa ya kukaushia vyombo. Buti lilioshwa mara tatu, mara ya mwisho na ndimu na mkaa, na shemeji bado husema likipata jua anamsikia mbuta.

Kwa hiyo, futa mstari wa saa mbili na nusu. Nenda Dunga asubuhi ukitaka, ila nenda kuongea tu. Chagua mama mmoja, mpe arbuni, mpeane namba, mwambie nakuja saa kumi na moja na nusu, nataka waliotolewa matumbo, waliooshwa, waliokaangwa wakakauka. Utawapitia mkishatoka kwenye mashua, gari limeelekea nyumbani. Wafungwe kwenye gazeti kwanza, karatasi ya kaki juu yake, na wakae miguuni pa abiria, si kwenye buti. Samaki aliyekaangwa vizuri anafika Eldoret akiwa na adabu zake, mama anamrudisha kwenye mchuzi wa nyanya na hakuna atakayekuuliza kitu. Na kama mama anasisitiza mbichi, boksi na barafu, au omena (dagaa) wakavu, hao hata ukiwasahau kwenye buti hadi Mwaka Mpya hawakudai.

Najua atakuja mtu hapa chini aseme amebeba samaki mbichi mpaka Mombasa bila barafu na walifika wazima. Nitamwomba aniambie alikuja kuwala nani.

Watoto kuogelea ziwani hapana, kuna kichocho, na viboko si wanyama wa picha tu. Mashua inatosha, na kila mtu avae jaketi la kuokolea hata kama nahodha anacheka. Wakichoka na jua wapeleke hifadhi ya Impala, hapo hapo Kisumu, kuna miti na wanyama, malipo ni kwa simu.

Kuegesha gari: kivulini. Hoteli ya kula uliyouliza sina jina la kukupa, maana ile tuliyokula mimi nusu ya muda nilikuwa nje natafuta maji yaliyoganda.