Video hazifunguki na virusi vinarudi kila ukivifuta: kilichonisaidia mimi hapa Kigoma

Mkuu, nimekuelewa. Windows Media Player ukiibofya inaleta ujumbe wa "Server execution failed" na kujifunga, antivairasi inafuta virusi halafu baada ya muda vimerudi, na folda za kwenye flashi zimegeuka shotikati (alama za njia ya mkato). Umeuliza uanze na lipi, na kama huna budi kufomati. Mimi nipo Mwanga, na kompyuta ya nyumbani kwa dada yangu kule Ujiji ilikuwa na dalili hizo hizo zote. Usifomati kwanza. Anza na virusi, pleya iache mpaka mwisho, kwa sababu ukiitengeneza sasa hivi itaharibika tena.

Hicho ni kirusi cha shotikati. Kinazificha folda zako halisi, kinaweka shotikati zenye majina yale yale. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, kwa hiyo hushtuki, kumbe nyuma yake skripti ya .vbs (faili la amri) imeshaanza kuendeshwa na programu ya Windows iitwayo wscript.exe. Inajinakili ndani ya AppData, folda ya Windows iliyofichwa, inajiandikisha ianze kila kompyuta ikiwashwa, na tangu hapo flashi yoyote utakayochomeka inaondoka nacho. Zamani virusi vya flashi vilitegemea autorun, vikijiendesha vyenyewe ukichomeka tu. Microsoft walipoibana kwa flashi, hata kwenye Windows XP na Vista mwaka 2011, shotikati ndiyo ikashika nafasi, maana inasubiri mtu aibofye mwenyewe.

Kwa nini kinarudi? Kwa dada niliona mzunguko wote. Flashi moja ilikuwa inatoka nyumbani, inaenda kuwekewa muvi za kutafsiriwa, inapita stesheneri kuprinti kazi za watoto, inarudi. Kompyuta za maduka hayo zinapokea flashi za mji mzima. Kompyuta ya nyumbani ilisafishwa mara nyingi, flashi haikuguswa hata mara moja.

Nilivyofanya: nilichomoa flashi zote, nikafungua Task Manager na kuifunga wscript.exe iliyokuwa ikiendelea. Kisha nikabonyeza kitufe cha Windows na R, nikaandika shell:startup, nikafuta skripti iliyokuwa imejificha humo. Kwenye Task Scheduler, sehemu ya Windows inayopangia kazi zijiendeshe zenyewe, nikakuta kazi yenye jina la herufi zisizo na maana inayoita faili la .vbs kutoka AppData\Roaming, nikaifuta pamoja na faili lake. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Antivairasi inafuta faili, ile kazi inabaki, na kila ukiwasha unaambiwa skripti haipatikani. Ujumbe huo peke yake si kirusi kipya, ni mabaki. Kagua pia rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, sehemu ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run.

Baada ya hapo fungua Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, na uangalie orodha ya Exclusions. Kama Windows yako iliwekwa kwa kuikraki, kuna uwezekano mkubwa ukakuta folda nzima imeruhusiwa isikaguliwe, na kirusi kinakaa humo kwa raha zake. Ondoa vyote usivyovijua, sasisha Defender ungali na bando, kisha chagua skani ya Offline. Kompyuta itajizima na kujiwasha, na ukaguzi unafanyika kabla Windows haijaamka, wakati kirusi hakiwezi kujitetea. Inachukua kama dakika 15 hivi, kwa hiyo hakikisha umeme upo au betri imejaa.

Flashi sasa. Chomeka, lakini usibofye chochote ndani yake. Fungua Command Prompt, na kama flashi ni F andika: attrib -h -r -s /s /d F:\*.* Folda zako halisi zitajitokeza. Nakili nyaraka, picha na video tu, kisha fomati flashi. Washa pia uonyeshaji wa viambishi vya majina ya faili, maana faili linaloitwa muvi.mp4.exe bila hivyo utaliona kama muvi.mp4.

Kuhusu pleya, hili ndilo lililonishangaza zaidi. Fundi aliyeishika kompyuta ya dada kabla yangu alitaka kuzuia skripti, akaziondolea usajili vbscript.dll na jscript.dll, faili za Windows za kuendeshea skripti. Nia ilikuwa njema, ila Windows Media Player inazitegemea hizo hizo, ndiyo maana ikatoa ujumbe kama wako. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika regsvr32 vbscript.dll, halafu regsvr32 jscript.dll, kisha uwashe upya kompyuta. Kwa dada ilifunguka hapo hapo. Ukitaka kuzuia skripti bila kuiumiza pleya, zima Windows Script Host kwenye rejista: HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Microsoft\Windows Script Host\Settings, tengeneza DWORD iitwayo Enabled, thamani 0.

Kama video fulani tu ndizo zinagoma, huenda zimebanwa kwa mfumo wa H.265 na pleya yako haina kodeki yake, yaani programu ya kuufungua. Tafadhali usipakue "kodeki" kutoka tovuti inayokurukia na tangazo. Ujanja huo ni wa zamani, programu hasidi iitwayo Zlob ilisambaa hivyo tangu 2005. Weka VLC kutoka videolan.org, ina kodeki zake ndani na ni bure.

Nyumbani kwa dada sasa flashi ya muvi inachomekwa kwenye runinga tu, haigusi kompyuta. Kazi za kuprinti zinatumwa stesheneri kwa WhatsApp. Watoto walilalamika mwanzoni, wamezoea.

Kufomati kuna mahali pake. Kikiwa ni kirusi cha aina ya Sality, kinachojipandikiza ndani ya faili za .exe, mimi singepoteza muda kusafisha, ningefomati na kuokoa picha na nyaraka tu, bila programu hata moja. Na kama bado uko Windows 7, iliachwa kusasishwa tangu Januari 2020, kwa hiyo kwako kufomati na kuweka toleo jipya kuna faida.

Ukifika kwenye Task Scheduler, niandikie hapa majina ya kazi unayoyatilia shaka na faili zinazoitwa kabla hujafuta, tuziangalie pamoja. Na uniambie pia ni Windows toleo gani.