Simu haijaiba kumbukumbu, imetuondolea zoezi

Swali la wiki lilikuwa: "Je, simu imetuharibia kumbukumbu?" Mimi nasema hapana. Ilichofanya ni kutuondolea zoezi.

Chukua namba ya simu. Enzi za simu ya mezani, mtu aliitoa namba kichwani tarakimu kwa tarakimu kila alipopiga. Leo unaandika "Ma", jina la Mama linajitokeza, unabonyeza. Unaweza kumpigia miaka kumi na usiijue namba yake, kwa kuwa hujawahi kuitafuta kichwani hata siku moja.

Tena ukijua kitu kimehifadhiwa, unakilegezea. Betsy Sparrow na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2011, waliwapa watu sentensi 40 za kuandika kwenye kompyuta, mfano kwamba jicho la mbuni ni kubwa kuliko ubongo wake. Walioamini kompyuta itazifuta walizikumbuka zaidi kuliko walioamini itazitunza.

Na kuangalia tu si kukariri. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwasomesha wanafunzi vifungu vifupi. Kundi moja likarudia kusoma, jingine likafunika na kuandika lililokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki wakaachwa, 42 kwa 56. Walimu wa vyuo vya Qur'ani huku pwani wasingeshangaa: ubao hauoshwi mpaka mwanafunzi asome kwa ghibu.

Kwa hiyo rudisha zoezi, lakini kwa namba tatu tu, zile utakazozihitaji siku kibaka amepita na simu stendi. Namba zetu zina tarakimu 10, zikate 4-3-3. Nne za mwanzo mara nyingi umeshazizoea kwa sababu ya mtandao, hivyo kazi hasa ni sita. Andika kwenye karatasi, igeuze, itamke kwa sauti, kisha iandike upya na ulinganishe. Rudia baada ya dakika 10, usiku kabla ya kulala, kesho yake, siku ya tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Ukikosea, usiendelee mbele. Anza tena kwenye "kesho yake".

Wengi wanaharibu kwa kuchungulia mapema. Sekunde kumi za kuhangaika kutafuta tarakimu ndizo zenye faida, hata kama unakera watu kwa kuguna. Kosa la pili ni kujifunza namba mbili zinazofanana siku moja: mikia itabadilishana. La tatu halionekani kirahisi. Ukijizoeza kwa kubonyeza tu, kidole gumba ndicho kitakachojua namba, si wewe. Siku ofisa kaunta akikuambia "itaje", mdomo unakwama. Ndiyo maana itamkwe.

Mengine iachie simu. Sioni haja ya kukariri maili moja ni kilomita ngapi.

Hesabu ya pesa sitaiacha, maana hapo simu inagusa fikra zenyewe. Mwenye duka anauza vitu 18, kila kimoja shilingi 2,500. Akiongeza sifuri moja kwa bahati mbaya, kikokotoo kinamletea 450,000 bila kusita, na asiye na makisio kichwani anaipokea. Mwenye makisio anasema kwanza: 20 mara 2,500 ni 50,000, basi jibu litakuwa chini kidogo ya hapo. Ndipo anabonyeza, anaona 45,000, anaendelea. Makisio hayo yanachukua sekunde tatu, na kwa wakala wa pesa hufanywa kabla ya kuingiza namba ya siri, kwa sababu baada ya hapo muamala umeshaondoka.