Banjo ukubwani: anza na mkono wa kulia

Mtu mzima anayeanza kujifunza banjo huja na taabu moja ambayo mtoto hana: anajua hasa anachotaka kusikia. Ameshasikia noti zikimwagika kama mvua juu ya bati, naye anaitaka kasi hiyo wiki ya kwanza. Basi anahangaika na vidole vya kushoto, kumbe utamu wote wa banjo uko mkono wa kulia.

Kabla ya mkono wowote, hesabu nyuzi. Masomo mengi ya wanaoanza ni ya banjo ya nyuzi 5, ambayo uzi wa tano ni mfupi na ufunguo wake umekaa ubavuni mwa shingo, kwenye freti ya 5 (freti ni vipande vya chuma vilivyokatiza shingo). Banjo ya nyuzi 4 hutyuniwa (yaani nyuzi zake hukazwa zitoe noti zake) kwa namna nyingine, na ya nyuzi 6 kwa kawaida hutyuniwa kama gitaa. Ukiinunua mojawapo kwa bahati mbaya, hakuna somo litakalokuingia, na utadhani kichwa chako ndicho kizito. Uzi ule mfupi si pambo. Ala za Afrika Magharibi zilizoizaa banjo, ambazo kumbukumbu yake ilivushwa bahari na watu waliotekwa utumwani, zilikuwa nao. Akonting ya Wajola wa Senegambia inao hadi leo. Kazi yake ni kulialia juu ya wimbo bila kubanwa.

Halafu angalia daraja, kile kijiti cha mbao kinachobeba nyuzi juu ya ngozi iliyowambwa kama ya ngoma. Halikugandishwa kwa gundi. Limeshikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, na banjo nyingi mpya hufika likiwa limehama. Gusa uzi wa kwanza, ulio chini kabisa ukiishika banjo, kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12, bila kuukandamiza, uupige kisha uuachie: utasikia sauti nyembamba kama kengele. Sasa bana uzi huohuo kwenye freti ya 12 na upige tena. Sauti mbili zinapaswa kuwa moja. Uliobanwa ukiwa juu zaidi, sogeza daraja nyuma kidogo, mbali na shingo. Ukiwa chini, lilete mbele. Milimita moja inatosha kubadili mambo. Kwa sababu hiyohiyo, nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja. Ukizivua zote kwa pamoja, daraja linaanguka na unaanza upya.

Kutyuni ni hivi: uzi wa nne D, wa tatu G, wa pili B, wa kwanza D, wa tano G ya juu. Programu ya simu itakuongoza, lakini zoeza na sikio: uzi wa nne ukibanwa freti ya 5 unalingana na wa tatu, wa tatu freti ya 4 na wa pili, wa pili freti ya 3 na wa kwanza, wa kwanza freti ya 5 na wa tano. Ule wa tano uukaze taratibu mno, maana ni mwembamba na ndio unaokatika watu wanapoupandisha kupita G yake. Nyuzi zikikaa sawa, zipige zote bila kubana chochote. Hiyo tayari ni kodi ya G (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja).

Sasa mkono wa kulia. Mtindo wa vidole vitatu, ambao mpiga banjo Mmarekani Earl Scruggs aliufanya ujulikane tangu alipojiunga na bendi ya mwanamuziki Bill Monroe mwaka 1945, hutumia kucha za kuvaa, za chuma kwenye kidole cha shahada na cha kati, na ya plastiki kwenye gumba. Ubapa wa chuma hukaa upande wa nyama ya kidole, si juu ya ukucha wako. Wengi huzivaa kinyume na kushangaa kwa nini zinakwama. Kidole cha pete na cha mwisho, au kimoja wapo, viegemee ngozi karibu na daraja bila kuikandamiza.

Anza na mzunguko huu wa noti 8: uzi wa 3, 2, 5, 1, 4, 2, 5, 1. Gumba linapiga 3, 5, 4 na 5. Shahada ni ya uzi wa 2, kidole cha kati ni cha uzi wa 1. Weka metronomu, kifaa au programu inayogonga mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, noti mbili kwa kila pigo. Kitakachoharibika kwanza ni gumba: huchelewa kufika uzi wa tano, kisha hukimbia kufidia, na mzunguko unachechemea kama punda mwenye mwiba. Dawa ni kupunguza mapigo hadi 50 na kulisikiliza gumba peke yake. Ukipita mara kumi mfululizo bila kuchechemea, ongeza mapigo manne, si ishirini.

Kuna mtindo mwingine, wa kupiga kwa kushuka: mkono umejikunja kama ukucha wa ndege, mgongo wa kucha ya shahada unapiga uzi, na gumba linatua kwenye uzi wa tano kisha kuuachia. Hauhitaji kucha za chuma, nao humfaa zaidi anayependa kuimba. Chagua mmoja kwanza. Ukichanganya yote miwili mwanzoni, mkono utachanganyikiwa.

Kwa kushoto, kodi mbili zaidi zinatosha kwa miezi: D7 (uzi wa 3 freti ya 2, uzi wa 2 freti ya 1) na C (uzi wa 4 freti ya 2, wa 2 freti ya 1, wa 1 freti ya 2). Bana nyuma tu ya chuma cha freti, kwa wepesi. Waliotoka kwenye gitaa hubana mno, na nyuzi hizi nyembamba hupanda sauti.

Dakika 20 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi, hasa kwa viungo vilivyokomaa. Majirani wakinuna, sokomeza kitambaa nyuma ya ngozi, chini ya daraja. Na ukikosea katikati ya wimbo, usisimame: inua vidole vyote vya kushoto, acha wa kulia uendelee na mzunguko juu ya G ile ya bure, kisha rudi kodi inayofuata itakapofika.