Shahada bado si kibali: kwa wewe unayetaka kuwa daktari wa mifugo

Wiki iliyopita jina langu liliandikwa katika orodha ya Orde ya madaktari wa mifugo, yaani chombo kinachowasajili madaktari hao hapa Kongo, miaka miwili baada ya kumaliza masomo. Jioni ile ile kijana mmoja wa Walungu aliniandikia akiuliza apitie njia gani ili naye awe daktari wa wanyama. Namjibu hapa, kwa kuwa Bukavu wako wengi wenye hamu hiyo hiyo.

Mlango wa kwanza ni diploma ya Serikali, ile ya mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, na ni heri uipate katika tawi la biolojia na kemia, maana kemia ndiyo iliyowarudisha wenzangu wengi nyumbani. Tena, usimchanganye daktari na fundi wa mifugo, awe A2 aliyetoka sekondari au A1 aliyesomea ISEAV Mushweshwe, chuo cha kilimo na mifugo. Nawaheshimu mafundi, na ni mmoja wao aliyeokoa ng'ombe wa baba yangu. Lakini cheo cha daktari, katika mfumo tuliosomea sisi kabla ya mfumo mpya wa LMD (Licence, Master, Doctorat), kilidai miaka sita: mitatu ya mwanzo iitwayo gradua na mitatu ya doktora.

Mimi niliisomea Lubumbashi, katika Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Miaka ya mwanzo naipita, ilikuwa ya kukariri. Mwaka wa tano, machinjioni, nilipewa tumbo la pili la ng'ombe nilipasue, lile ambalo ndani lina vishimo kama sega la nyuki, na katika kishimo kimoja nikakuta msumari ambao ncha yake ilikuwa imetoboa ukuta kuelekea upande wa moyo. Mwenyewe alikuwa amesema mnyama wake amelogwa, kwa kuwa alikataa majani, akawa anasimama mgongo umepinda na viwiko vimetanuka. Niliushika ule msumari mkononi, nikajua kazi yangu ni hii.

Yaliyoniumiza yalikuja baadaye. Mradi mmoja wa kuchanja ng'ombe ulikuwa umekubali barua yangu ya kuomba kazi, hadi siku ya mwisho nilipoulizwa nambari ya Orde. Sikuwa nayo, kwa kuwa sikuwa nimesajiliwa. Jina langu kwenye hati ya mtihani wa Serikali lilitofautiana kwa herufi moja na lile la shahada ya chuo, na herufi hiyo moja ilinizungusha ofisi kwa ofisi miaka miwili, huku nafasi yangu ikichukuliwa na mwenzangu niliyekuwa nikimfundisha anatomia usiku. Bado inaniuma.

Kwa hiyo shahada isikulevye. Hakikisha inathibitishwa na wizara, kisha ujisajili mara moja, wala usikubali kufungua duka la dawa na kudunga sindano huku ukijiita daktari. Sahihi ya daktari ndiyo inayoruhusu nyama kuliwa, na ndiyo inayosema kama mbwa aliyemuuma mtoto ana kichaa au hana. Anayeiweka bila haki anacheza na uhai wa watu, na mimi simhesabu kuwa mwenzangu.

Mdogo wangu wa Walungu, toa leo cheti chako cha kuzaliwa na karatasi zote za shule, uzipange mezani, usome jina lako herufi kwa herufi. Ukikuta kosa, lipeleke shuleni kabla hujafanya mtihani wa Serikali.